Saa za Kasongo na Kabambare: Historia ya Mishale Isiyofuata Majira

Desturi ya kubadili saa kwa majira, yaani kusogeza mishale mbele kwa saa moja joto linapoanza na kuirudisha nyuma baridi inapokaribia, haijawahi kuingia katika maisha ya Kongo, si chini ya mfalme Leopold II, si chini ya Ubelgiji, si baada ya uhuru wa 1960. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba mjadala wa kuikomesha, ambao umezishughulisha nchi za Ulaya tangu 2018, hauwahusu kamwe watu wa Kasongo na Kabambare, teritwari mbili za kusini mwa jimbo la Maniema (teritwari ni eneo la utawala lililo chini ya jimbo). Dhana hiyo ni nusu ya kweli. Saa za sehemu hizo nazo zimehamishwa, tena zaidi ya mara moja, ila waliozihamisha walikuwa wenye misafara, majeshi, wamisionari, makarani wa reli na wasimamizi wa pamba. Na katika kuhamishwa huko lilitokea jambo ambalo hakuna ofisi iliyolipanga, kwamba hesabu ya saa iliyoletwa na watu wa pwani inaoana leo na jua la Kasongo kuliko inavyooana na jua la pwani yenyewe.

Yafaa kuanza na jua, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini majira hayakupata kauli katika jambo hili. Mji wa Kasongo uko takribani nyuzi 4 na nusu kusini ya ikweta, na Kabambare uko karibu katika latitudo hiyohiyo, ukisogea mashariki kwa nyuzi moja hivi. Mahali kama hapo urefu wa mchana haubadiliki sana: mchana mrefu kuliko yote, wa Desemba, huupita ule mfupi kuliko yote, wa Juni, kwa nusu saa tu, ilhali Brussels mchana wa Juni hukaribia saa 16 na nusu na ule wa Desemba haufiki saa 8. Yako mabadiliko mengine madogo, yatokanayo na mwendo wa dunia kulizunguka jua, ambao hauna kasi moja mwaka mzima, pamoja na mwinamo wa mhimili wake. Kwa sababu hiyo jua hufika utosini likiwa limeitangulia saa ya ukutani au limechelewa nyuma yake, na machweo ya Kasongo hutangatanga kati ya saa kumi na mbili na dakika tano hivi katika Novemba na saa kumi na mbili na nusu hivi katika Februari. Mara mbili kwa mwaka, kabla kidogo ya katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita juu ya Kasongo wima kabisa, hata nguzo ya nyumba ikakosa kivuli wakati wa adhuhuri. Zaidi ya hayo mwaka hugawanyika kwa mvua na kiangazi, na kiangazi hicho, cha miezi ya kati ya mwaka, kina mchana mfupi kidogo kuliko ule wa mvua. Anayetafuta nuru ya kuiokoa kwa kusogeza mishale katika nchi ya namna hiyo atakuwa anatafuta kitu kisichopotea.

Kabla ya misafara ya pwani kufika, watu wa nchi hiyo, Wabangubangu wa upande wa Kabambare, Wakusu, Wazimba na Wazula wa upande wa Kasongo, na Wagenya wavuvi wa mto Lualaba, waliishi bila kuigawa siku katika sehemu zenye urefu sawa, nao hawakuwa na haja nayo. Jogoo, umande, kimo cha jua, zamu za soko na mlio wa ngoma za mti zilizotobolewa ndani vilitosha kuwakutanisha watu waliohitaji kukutana. Mgawanyo wa siku katika saa 24, wenye idadi na majina, uliingia Maniema pamoja na biashara ya pembe na watumwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na jambo hilo halina budi kusemwa wazi, kwa sababu hesabu ya saa ambayo leo huonekana ya kienyeji ilifika katika mizigo ya watu waliokuja pia na bunduki na minyororo.

Mfanyabiashara Hamed bin Muhammad al-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake mnamo 1875, katika mahali ambapo sasa panaitwa Tongoni, na mji huo ukakua ukawa na nyumba za udongo zenye baraza, mashamba ya mpunga, michungwa na misikiti. Pamoja na Uislamu zilifika sala tano, na sala ni saa za aina yake, kwa kuwa kila moja hufungwa na hali ya jua inayoweza kuonekana kwa macho: alfajiri kwa weupe wa mashariki, adhuhuri kwa jua kupinduka kutoka utosini, alasiri kwa kivuli cha kitu kufikia urefu wa kitu chenyewe ukiongezwa juu ya kile cha adhuhuri, magharibi kwa kuzama kwa jua, na isha kwa kutoweka kwa wekundu wa magharibi. Katika mpango huo siku huanza jua linapozama, na ndiyo maana usiku unaoitangulia Ijumaa huitwa usiku wa Ijumaa, na ndiyo maana pia saa ya kwanza ya usiku ni ile inayofuata machweo na saa ya kwanza ya mchana ni ile inayofuata macheo. Mwenye saa ya mfukoni, katika Zanzibar na Maskati, aliirekebisha jioni kwa jioni, akiweka mishale kwenye kumi na mbili jua lilipozama. Saa ya namna hiyo ilirekebishwa kila siku, mwaka mzima, kwa dakika moja au sehemu ya dakika, bila sheria na bila mjadala. Kwa kweli ndiyo saa ya majira iliyo kamili kuliko zote zilizowahi kutungwa, ingawa hakuna aliyeipa jina hilo.

Kabambare, kituo kilichokuwa kwenye njia kutoka ziwa Tanganyika kwenda Lualaba, kilimpokea David Livingstone katika Septemba 1869, naye akakiandika Bambarre katika shajara zake. Kukaa kwake huko kunaonyesha jinsi kalenda inavyoweza kumponyoka hata mtu aliyebeba vyombo vya kupimia jua. Alirudi Kabambare katika Julai 1870 akiwa na vidonda vya miguu visivyopona, akakaa hadi Februari 1871 akisubiri watu na bidhaa kutoka pwani, na karatasi zilipomwishia akaandika juu ya kurasa za magazeti ya zamani, akiukatiza mstari wa chapa kwa mwandiko wake, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea wa huko. Kutoka hapo alikwenda Nyangwe, kando ya Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 aliyaona mauaji ya watu sokoni, kisha akarejea Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika. Alipokutana huko na Henry Morton Stanley mwishoni mwa mwaka huo, hesabu za siku za watu hao wawili hazikulingana, na wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu tarehe ya mkutano huo. Wafanyabiashara Waislamu waliokaa kwenye vituo hivyohivyo walikuwa na mwandamo wa mwezi wa kuwasahihisha, na Ramadhani haikubali kuahirishwa.

Katika Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington na kukubali, kwa kura 22 dhidi ya moja huku mbili zikijizuia, kwamba mstari wa longitudo unaopita Greenwich, karibu na London, uwe mwanzo wa hesabu ya longitudo duniani. Tarehe 15 Novemba ya mwaka uleule mkutano mwingine ulifunguliwa Berlin, na matokeo yake yalifungua njia kwa Leopold II kutambuliwa kuwa mwenye Dola Huru la Kongo. Mikutano hiyo miwili haikuwa na ajenda moja, lakini kwa Kasongo matunda yake yalifika pamoja, yakiletwa na watu walewale.

Yaliletwa kwa vita. Majeshi ya Dola, yakiongozwa na Francis Dhanis na kusaidiwa na Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kugeuka, yaliteka Nyangwe katika Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, na Sefu, mwanawe, ndiye aliyeupoteza mji. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na jeshi hilo na aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1897, alitaja miongoni mwa vitu vilivyokutwa katika nyumba za Kasongo mishumaa, viberiti na sukari kwa wingi. Yafaa kuitazama mishumaa hiyo kidogo, kwa kuwa akiba ya mishumaa ndiyo iliyokuwa mzaha wa Benjamin Franklin alipowaandikia watu wa Paris mwaka 1784 kuwashauri waamke mapema, na mzaha huo hutajwa katika kila historia ya saa za majira kama kwamba ulikuwa pendekezo. Kasongo, mishumaa ilichomwa katika usiku wenye saa zilezile karibu 12 kila mwezi wa mwaka. Kabambare ilianguka katika Januari 1894, wakati mfanyabiashara mwingine wa pwani, Muhammad bin Khalfan, aitwaye Rumaliza, aliposhindwa na kukimbia.

Bula Matari, kama watu walivyoliita Dola, hakuleta saa ya ukutani kwa kila kijiji. Alileta baragumu ya kituo cha jeshi, na mapadri wa White Fathers, waliofika baadaye, wakaleta kengele. Vyombo hivyo viwili vilikuwa na tofauti kubwa na adhana, ingawa vyote vitatu huita kwa sauti: adhana hulifuata jua, na yeyote mwenye macho angeweza kumkosoa mwadhini aliyewahi, lakini kengele na baragumu viliifuata saa iliyokuwa ndani ya chumba cha mzungu, ambayo hakuna aliyeweza kuikosoa kutoka nje. Reli ikakaza fundo hilo. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1902, ilimaliza sehemu ya kwanza, kutoka Stanleyville hadi Ponthierville, mwaka 1906. Sehemu ya Kindu hadi Kongolo, inayopita magharibi mwa Lualaba na kuwahudumia watu wa Kasongo kwenye kituo cha Samba, ilifuata miaka michache baadaye, na ile ya Kabalo hadi ziwa Tanganyika ikakamilika mwaka 1915. Gari la moshi linalopokezana abiria na meli ya mto halina budi kuwa na saa moja na meli hiyo. Ubelgiji yenyewe ilikuwa ngeni katika somo hilo: saa ya Greenwich ilikuwa imekuwa saa yake ya kisheria tarehe 1 Mei 1892 tu, chini ya mwaka mmoja kabla ya askari wa Dola kuingia Kasongo.

Hata hivyo, kwa mkulima wa kawaida wakati wa ukoloni haukupimwa kwa mshale wa saa. Ulipimwa kwa siku za pamba. Majaribio ya zao hilo yalifanywa Maniema, Nyangwe ikiwa mojawapo ya mahali pa mwanzo, na amri ya 1917 ikaweka kilimo cha lazima, ikisema kwamba mtu asitakiwe kufanya kazi hiyo zaidi ya siku 60 kwa mwaka. Kampuni ya Cotonco, iliyoanzishwa mwaka 1920, ilinunua pamba kwa bei iliyopangwa. Siku 60 zilionekana nzuri kwenye karatasi, lakini msimamizi hakuhesabu siku, alihesabu eneo la shamba: kusafisha, kupanda mvua ilipoanza, kupalilia mara kadhaa, kuvuna kiangazi, kuchambua pamba safi na chafu, kisha kuibeba kichwani hadi soko la kampuni, kazi ambazo kwa familia nyingi zilizidi mbali idadi iliyotajwa na kuangukia siku zilezile zilizohitajiwa na mpunga na mihogo. Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu pamba na jamii ya vijijini, ameeleza jinsi mpango huo ulivyosimamishwa kwa shuruti na jinsi wakulima walivyoupinga kwa hila nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili idadi ilipandishwa hadi siku 120. Serikali iliyoweza kuongeza maradufu siku za mtu katika mwaka haikuwa na haja ya kumsogezea saa.

Mpangilio wa kisheria uliotokea hatimaye uliigawa Kongo katika kanda mbili za saa, ya magharibi iliyo saa moja mbele ya Greenwich na ya mashariki iliyo saa mbili mbele, na Maniema ikawa katika ile ya mashariki. Kanda ya saa ni eneo ambalo watu wake wote hushika saa ya mstari mmoja wa longitudo, na kwa kuwa jua huchukua dakika 4 kuvuka nyuzi moja, kila mji ulio mbali na mstari huo hutofautiana na saa ya sheria kwa kadiri ya umbali wake. Mstari wa saa mbili ni nyuzi 30 mashariki, unaopita karibu na Kigali. Kasongo, iliyo kwenye nyuzi 26 na theluthi mbili, huona adhuhuri yake wastani dakika 13 baada ya saa sita kamili, na Kabambare dakika 9. Dar es Salaam, ambayo hushika saa ya nyuzi 45, mstari unaopita baharini mbali na pwani yake, huchelewa kwa dakika 23 hivi, na Zanzibar vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba jua linapozama Kasongo, saa isemayo kumi na mbili inasema kweli kwa ukaribu zaidi kuliko saa ya Forodhani huko Zanzibar, na anayehesabu kwa Kiswahili kati ya mito ya Lualaba na Luama kwa wastani hupungukiwa au kuzidiwa na dakika chache tu.

Tofauti huwa kubwa kwa mfanyabiashara atokaye Kabambare kwa njia ya Fizi na Baraka, akavuka ziwa hadi Kigoma. Kigoma iko karibu na nyuzi 30, kwa hiyo jua lake ni la saa mbili mbele ya Greenwich karibu sawasawa, lakini sheria ya Tanzania inaipa saa tatu. Huko jua huchomoza, kwa wastani, karibu na saa moja asubuhi, na huzama karibu na saa moja jioni. Huyo ndiye mtu wa Maniema ya kusini anayebadili saa kweli, kwa kwenda na kurudi, bila majira yoyote kuhusika. Kenya nayo ilizipitia hatua ambazo Maniema haikuzijua: tarehe 1 Julai 1928 saa ya sheria ilisogezwa mbele kwa nusu saa kutoka saa mbili na nusu hadi tatu, ikarudishwa mwanzoni mwa 1930, ikasogezwa robo saa mwanzoni mwa 1937 na robo nyingine katika Agosti 1942. Nchi iliyo juu ya ikweta ilibadili mawazo mara nne katika miaka 14, na kila mara jua lilichomoza palepale.

Kubadili saa kwa majira kwa nchi nzima kulianza Ujerumani tarehe 30 Aprili 1916, vitani, kwa ajili ya kuokoa makaa, na Ubelgiji, iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani, ikalazimishwa kufuata. Baada ya vita Wabelgiji waliiendeleza desturi hiyo wenyewe hadi 1946, wakaiacha, wakairudia mwaka 1977. Waziri wa makoloni aliyesogeza saa yake Brussels kila mwaka hakuagiza Kasongo isogeze yake, na kwa uamuzi huo, au kwa kutouamua, alitenda sawa. Lakini umbali wa saa kati ya miji hiyo miwili ulianza kucheza: kati ya vita mbili Kasongo ilikuwa mbele ya Brussels kwa saa mbili wakati wa baridi ya Ulaya na kwa saa moja wakati wa joto, tangu 1977 imekuwa mbele kwa saa moja wakati wa baridi na sawa kabisa wakati wa joto. Ndugu wa Kasongo walioko Matonge, mtaa wa Wakongo katika Brussels, hushika saa ya Kinshasa miezi mitano na saa ya Kasongo miezi saba.

Ndani ya nchi mambo hayakubadilika. Maniema ilipotengwa na Kivu mwaka 1988, na nchi ilipogawanywa katika majimbo 26 mwaka 2015, mipaka ilichorwa upya na saa zikaachwa. Watangazaji wa redio za kitaifa hutaja saa mbili, ya Kinshasa na ya Lubumbashi, na simu inayotakiwa kurekebishwa kwa mkono Kasongo huwekwa jina la Lubumbashi, kwa kuwa orodha haina mji wa Kongo ulio karibu zaidi. Taarifa ya habari inayosomwa Kinshasa saa mbili usiku husikika Kabambare saa tatu. Kama nchi nzima ingepewa saa ya Kinshasa kwa jina la umoja, jua la Kasongo lingechomoza wastani saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, na hesabu ya Kiswahili ingeharibika kwa saa nzima.

Nchi za Afrika zilizojaribu saa za majira, nyingi zimeziacha. Namibia, iliyorudisha saa nyuma kila baridi tangu 1994 na kulisamehe eneo la Caprivi lililo mashariki, iliacha mwaka 2017. Misri iliacha, ikarudia, ikaacha, kisha ikarudia tena mwaka 2023. Sudan na Sudan Kusini, ambazo zilisogeza saa zao mbele kwa kudumu mwaka 2000 zikiwa bado nchi moja, zilirudi kwenye saa mbili mbele ya Greenwich, ya kwanza mwaka 2017 na ya pili mwaka 2021, zikajikuta zinashika saa ileile ya Maniema.

Katika Ulaya, Tume ya Umoja wa Ulaya ilikusanya maoni milioni 4.6 mwaka 2018, na asilimia 84 ya waliojibu walitaka desturi ikomeshwe. Tarehe 26 Machi 2019 Bunge la Ulaya lilikubali kwa kura 410 dhidi ya 192, likaacha kila nchi ichague saa ya kudumu itakayoitaka. Baraza la mawaziri halikupata msimamo, na mwaka 2021, uliokusudiwa kuwa wa mwisho, ulipita. Kwa Kasongo na Kabambare swali lililobaki ni dogo na la wazi. Ubelgiji ikichagua saa ya baridi, Brussels itakuwa nyuma yao kwa saa moja mwaka mzima, sawa na Kinshasa. Ikichagua saa ya joto, itakuwa sawa nao mwaka mzima. Katika hali zote mbili saa ya sheria ya Maniema itabaki kama ilivyo.